Grisi Iliyoganda Ndani ya Rivolva Kongwe

Mwishoni mwa mwaka 1944, rivolva ya Smith & Wesson ilianguka kwenye sitaha ya meli ya Jeshi la Majini la Marekani. Ilitua kwa nyundo, ikafyatuka, baharia mmoja akafa. Haikukosa kizuizi cha usalama. Ndani yake kulikuwa na kibamba cha chuma kilichopaswa kukaa mbele ya nyundo muda wote ambao kifyatuo hakijavutwa. Kasoro ni kwamba kibamba kile kilirudi mahali pake kwa mnyumbuko wake chenyewe, na grisi ya kuhifadhia silaha ikishaganda, mnyumbuko huo hauna ubavu wa kukirudisha.

Mkasa huo unaeleza vizuri kuliko kitabu chochote cha ufundi kazi ya kutunza rivolva ya zamani ni kazi gani. Mtu akipata bastola ya aina hii, ambayo kiwanda cha Springfield, Massachusetts, kilianza kuiuza mwaka 1899 na tangu 1957 kikaiita Model 10, husikia kifyatuo kizito kinachokwaruza, akawaza tupa na jiwe la kunolea. Mara nyingi anachokisikia ni mafuta ya miongo kadhaa yaliyogeuka utomvu. Chuma chenyewe bado kizima.

Kazi inaanza kwa kuitoa silinda nje, kutazama matundu yote sita kwa macho na kuyapapasa kwa kidole, kisha kuzipeleka risasi chumba kingine. Hapo upimaji ndipo unapoanza, na bado hakuna skrubu iliyoguswa. Kati ya uso wa silinda na mwanzo wa mtutu kuna nafasi ndogo, inayopimwa kwa vibamba vyembamba kama vile fundi wa magari anavyopimia valvu. Milimita 0.10 hadi 0.25 ni sawa. Kisha silinda inasukumwa mbele na nyuma: ikicheza sana, kila mlio utaigonga fremu na kuongeza ulegevu.

Kipimo kikubwa zaidi ni cha mpangilio wa mzunguko. Nyundo inavutwa kwa dole gumba polepole, kidole kingine kikiigusa silinda kidogo ili isijizungushe kwa kasi yake yenyewe. Kizuizi cha chini lazima kiingie kwenye tundu lake, kwa mlio unaosikika, kabla nyundo haijafika mwisho. Jaribio hili linarudiwa kwa matundu yote sita, maana kila tundu lina jino lake kwenye nyota ya nyuma ya silinda, na jino moja linaweza kuchakaa mengine yakabaki mazima. Tundu lisipolingana na mtutu, kichwa cha risasi kinachunwa ubavu na vipande vya madini vinaruka pembeni, vikimpata aliyesimama karibu. Dawa yake ni kubadilisha kile kijimkono kinachosukuma jino. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha, na mwenye bastola anapaswa kumwachia.

Lakini asikimbilie kutoa hukumu. Chembe za baruti zikijikusanya chini ya nyota, silinda hukaza kana kwamba imepinda, na mswaki mkavu unatosha kuiponya. Fimbo ya kutolea maganda nayo ina hila yake. Hadi karibu mwaka 1961 hesi zake zilikazwa kuelekea kulia, kwa hiyo zilijilegeza bastola ikitumika. Fimbo inarefuka na silinda inagoma kufunguka. Inakazwa ikiwa imeshikwa kwa ngozi, huku maganda matupu yamewekwa kwenye matundu ili nyota isijipinde.

Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zina jambo jingine la kuangaliwa. Zilitumia risasi fupi na nene kuliko .38 Special, risasi ya kawaida ya bastola hii, na baada ya vita nyingi zilichimbwa matundu upya ili zimeze hiyo .38 Special. Ganda likitoka limevimba au limepasuka karibu na kitako, hiyo ndiyo sababu. Hakuna usafi wala ulainishaji utakaorudisha chuma kilichokwisha kuondolewa.

Baada ya hayo ndipo bisibisi inashikwa, yenye ncha inayojaza mfereji wa skrubu sawasawa. Skrubu ya mbele ya kishikio inalegezwa ili springi kuu ipumzike. Kifuniko cha ubavuni hakibanduliwi kwa kuchokonolewa pembeni. Fremu inagongwagongwa kwa mpini wa mbao mpaka kifuniko kiinuke chenyewe. Aliyekichokonoa anaacha jeraha la kudumu. Ndani panaoshwa kwa mafuta ya taa na mswaki, panakaushwa kabisa, kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila mhimili. Mafuta mengi yanafika kwenye fataki na kuiua.

Ninachopinga kwa nguvu zote ni mtindo wa kutafuta wepesi kwa kupunguza. Wapo wanaolegeza skrubu ya springi kuu na kuiacha hivyo, au kuikata ncha. Kifyatuo kinakuwa laini, na siku moja nyundo inaigusa fataki bila nguvu ya kuiwasha. Wengine wanasugua kingo ambapo nyundo na kifyatuo hukutana. Ugumu wa vipande hivyo uko kwenye ngozi ya juu tu. Jiwe likiipita, linafika kwenye chuma laini kinachoisha haraka. Matokeo yake yanajulikana: nyundo ikiwa imevutwa, ukiisukuma kwa dole gumba inaanguka bila kifyatuo kuguswa. Bastola ya namna hiyo haifai kupakiwa risasi.

Wakati wa kufunga, mwenye bastola iliyotengenezwa baada ya ule mkasa wa melini atakutana na kipande chembamba kirefu kinachoteleza kwenye mfereji wa kifuniko. Ndicho kizuizi kipya, na hakitegemei tena mnyumbuko: kimeshikwa kwa pini na kile kisanduku kinachokirudisha kifyatuo, hivyo kifyatuo kikirudi mbele nacho kinalazimika kupanda. Kiwanda kiliongeza herufi S kwenye namba za bastola zilizokuwa nacho. Bastola inafanya kazi bila kipande hiki, tena kwa ulaini zaidi, na wapo waliokitupa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua au kupakia, vuta nyundo nyuma bastola ikiwa tupu, uishike kwa dole gumba, uvute kifyatuo na kuirudisha polepole huku ukiachia kifyatuo, na uchungulie mbele yake: kipande hicho lazima kionekane kikipanda.