IMEI Iliyopotea Hutafutwa, Haiazimwi

Tuchukue ruta ya laini iliyotoka nyumba ya wageni Matemwe kwenda mjini kuflashiwa, yaani kuwekewa programu upya. Imerudi taa zinawaka, laini inasomeka, mnara inauona, lakini intaneti haipandi. Kabla ya kulaumu mtandao, fungua ukurasa wa hali ya kifaa. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ikionekana sufuri tupu, tatizo limeshajulikana. Modemu nayo ikiulizwa kwa amri ya AT+CGSN itajibu hivyohivyo.

Namba hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya modemu pamoja na vipimo vya redio. Kuflashi kwa faili la modeli nyingine, au kufuta kumbukumbu yote, kunaweza kuondoka nayo.

Njia ya mkato ya baadhi ya mafundi ni kuchukua IMEI ya simu mbovu na kuipachika. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na halidumu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizindua rajisi ya vifaa Desemba 2015, na simu bandia zikazimwa Juni 16, 2016. Namba ikifungiwa kwa sababu ya simu ilikotoka, ruta nayo itakosa mtandao.

Namba halali inatafutwa kwenye ushahidi: lebo ya chini, boksi, risiti, au nakala ya kumbukumbu iliyohifadhiwa kabla ya kuflashi. Lebo ikiwa imeliwa na jua na chumvi ya pwani, fungua ganda. Baadhi ya ruta hubeba modemu kama kikadi kilichofungwa kwa skrubu, na juu ya kifuniko chake cha bati IMEI huwa imechapwa kwa herufi ndogo. Mwanga wa pembeni na kamera ya simu vinatosha kuisoma.

Tarakimu moja ikiwa haisomeki, hesabu inaitoa. IMEI ina tarakimu 15: 8 za mwanzo ni za modeli, 6 ni za kifaa chenyewe, ya mwisho ni ya uhakiki. Chukua 490154203237518, namba ya mfano. Kutoka kushoto, zidisha kwa 2 kila tarakimu ya nafasi shufwa. Jibu likizidi 9, toa 9. Jumlisha zote: unapata 60, inayogawanyika kwa 10, kwa hiyo namba imekaa sawa. Sasa tuseme tarakimu ya tisa imefifia, hujui ni 3 au 8. Zilizobaki zinatoa 57. Ukiweka 8 unapata 65, imekataa. Ukiweka 3 unapata 60. Ni 3, na hakuna nyingine inayoingia hapo.

Zikifutika mbili, hesabu inaacha majibu 10, hivyo usibahatishe. Zikiwa kwenye zile 8 za mwanzo, ruta nyingine ya modeli hiyohiyo inaweza kusaidia kuzithibitisha. Zikiwa kwenye zile 6, rudi kwenye boksi au kwa muuzaji.

Namba ikishathibitika, kuirudisha ni kazi ya mtengenezaji au wakala wake, kwa programu yake, ukiwa na lebo na risiti mkononi. Kisha uliza tena AT+CGSN na ulinganishe tarakimu zote 15.

Wewe mwenye ruta, leo hii ipige picha lebo yake ingali inasomeka, na uitunze picha hiyo pamoja na risiti. Na fundi asikubali kuflashi ruta yoyote kabla ya kuandika IMEI yake kwenye daftari la kazi.