Spika Ndefu na Chumba cha Futi 27

Nikiri mapema kwamba jozi ya kwanza ya spika niliyoileta hapa Kalangalala niliinunua kwa macho. Zilikuwa zimesimama dukani jijini Mwanza kama askari wa gwaride, zinanifika kifuani, kila moja ina wufa mbili za inchi 10 na mbao zinazong'aa. Muuzaji akaweka muziki wa vijana, mdundo wa kompyuta ukapiga, nikahisi shati linanicheza mwilini. Nikalipa. Fedha zenyewe zilikuwa sehemu ya kiinua mgongo changu, jambo ambalo mke wangu hakulisahau.

Chumba nilikuwa nimekijenga kwa makusudi hayo: urefu futi 27, upana 18, dari futi 10. Watoto wamekwisha kuondoka, nami nilitaka tukae wawili tusikilize muziki tulioucheza ujanani: Sikinde, Msondo, Maquis, Mbaraka Mwinshehe. Siku ya kwanza niliweka "Neema" ya Mlimani Park, anamoimba Cosmas Chidumule. Mke wangu alivumilia ubeti mmoja, akainuka.

"Baba, humu ndani maneno hayasikiki," alisema akiwa mlangoni. "Mimi nitasikiliza kwenye redio yangu ya jikoni."

Niliudhika, hasa kwa kuwa alisema kweli. Redio ya jikoni, yenye spika moja ya ukubwa wa kisosi, ilikuwa ikinitajia kila neno, ilhali mitambo yangu ya mamilioni inanguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima.

Kwa muda nililaumu kanda, kisha amplifaya, kisha umeme wa Geita. Vyote vilikuwa havina hatia. Uzi mnene wa gita la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Katika joto letu sauti husafiri kiasi cha mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la uzi ule lina urefu wa mita 8.4, yaani futi 27 na nusu hivi. Nilikuwa nimejenga chumba kinacholingana na wimbi la besi! Katika chumba cha namna hiyo sauti ile hujaa kwenye kuta mbili za mwisho na katikati, na hufifia kwenye robo ya urefu kutoka kila ukuta. Kiti changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma kabisa. Spika nazo zilikuwa na matundu ya kupumulia mgongoni, nami nikazibana ukutani ili zisizuie njia. Besi iliyotoka kubwa ikakuzwa mara ya pili na ukuta, na mara ya tatu na chumba chenyewe.

Mpwa wangu, ambaye hushinda na masabufa, alishauri niongeze sabufa. Simlaumu. Toka hapa ushuke barabarani jioni: kila duka na kila baa ina spika mlangoni, na sauti hupimwa kwa jinsi inavyotikisa viti. Sikio lililokulia humo huamini kuwa besi ndiyo muziki na mengine ni mapambo. Hata mimi, niliyejiona mjuzi, pale Mwanza nilinunua mtikisiko.

Sasa niseme ninachokishikilia. Muziki wetu wa dansi ni muziki wa kisa. Kabla ya chemko, kabla ya tarumbeta kupandisha jasho, kuna mtu anayesimulia habari yake, na wasikilizaji wanangoja aseme nini. "Nitarudi" na "sitarudi" hutofautiana kwa silabi moja. Silabi hiyo ikimezwa na besi, kisa kizima kinageuka. Spika isiyotamka Kiswahili haifai kwa muziki huu, hata iwe na wufa za ukubwa wa sinia.

Tena tukumbuke nyimbo hizi zilivyonaswa. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, ili zirushwe kwa masafa ya kati na mafupi na kusikilizwa kwenye redio ndogo za betri. Hazikugawanywa kushoto na kulia. Ukizipiga kwa spika mbili, mwimbaji anapaswa kusimama katikati, pale ambapo hakuna kitu. Akiyumba upande, ama spika zako si mapacha wa kweli, ama moja iko pembeni mwa ukuta na nyingine iko wazi. Kipimo hiki hakina gharama, na ni kikali kuliko maneno yote ya muuzaji. Dukani sikukifanya, kwa sababu sikwenda na kanda yangu hata moja.

Wapo watakaoniambia basi ninunue spika ndogo. BBC walibuni iitwayo LS3/5A katika miaka ya 1970, kiboksi cha kimo cha sentimita 30 hivi, itumike ndani ya magari ya matangazo ambako nafasi ni finyu, na hadi leo inasifiwa kwa sauti ya binadamu. Lakini ilitengenezwa kwa msikilizaji aliye karibu. Mtu aliye futi 15 kutoka kwenye spika, ndani ya chumba kama changu, ataidai kiboksi hicho sauti ambayo haiwezi kuitoa bila kukaza koo. Chumba kikubwa kinadai spika ya kusimama sakafuni. Swali ni ipi.

Nilirudi Mwanza na kanda nne na dibaji ndefu ya kuomba radhi. Nikabadilisha kwa hasara. Jozi ya pili ni nyembamba, inanifika kiunoni, wufa zake ni za inchi 6 na nusu, matundu yako mbele. Karatasi yake inasema desibeli 90 kwa wati moja. Ya kwanza ilisema 87. Tofauti hiyo ya desibeli tatu maana yake ni kwamba amplifaya inatumia nusu ya nguvu kwa sauti ileile. Nimeziweka futi 4 kutoka ukutani, futi 8 kati yake, kiti nimekisogeza mbele, sakafuni nimetandika zulia nene na madirishani mapazia mazito ambayo mke wangu alikuwa akiyadai tangu msingi.

Haki itendeke: kuna kilichopotea. Remmy Ongala alirekodi "Songs for the Poor Man" katika studio za Real World nchini Uingereza, nayo ikatoka mwaka 1989. Humo besi imenaswa kwa nafasi yake, na zile spika ndefu, kwenye "Kipenda Roho", ziliifikisha chini zaidi. Nazikumbuka kwa wivu kidogo.

Jumapili iliyopita niliweka "Neema" tena. Mke wangu alikuja na bakuli la karanga, akakaa. Ubeti wa pili ulipokwisha akainua mkono.

"Rudisha hapo," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa naimba neno jingine."