Nguvu Zinataka Mahali pa Kupoa

Kuongeza nguvu za gari lenye turbo ni kazi nyepesi. Siku hizi kijana mwenye kompyuta na waya wa kuchomeka chini ya usukani anaweza kuiamuru injini ipokee shinikizo kubwa zaidi la hewa, na kabla chai haijapoa gari limepata nguvu ambazo kiwanda hakikulipa. Kazi ngumu, ambayo ndiyo ninayotaka kuisifu, ni ile inayotangulia na isiyopiga kelele: kuhakikisha kwamba hewa inayoingia ni safi na imepoa, maji yanazunguka, na joto lina njia ya kutoka. Nguvu huongezwa na yeyote mwenye pesa. Kuzipa mahali pa kupoa ni ufundi.

Ufundi huu haukai Nairobi peke yake. Una mahali pake hata Mautuma, kule Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, nchi ya mahindi iliyogawiwa wakulima wadogo katika skimu za makazi baada ya uhuru. Barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba inapita pande hizi, ikipitia miji ya Turbo na Webuye. Pamoja na malori yanayoelekea Uganda, humo hupita pia hachibeki: magari mafupi yenye mlango wa nyuma unaoinuka juu, ambayo asubuhi hubeba gunia la mbolea na jioni humkumbusha dereva kwamba yalizaliwa na kasi. Subaru Impreza yenye turbo ni mojawapo, Volkswagen Golf GTI ni jingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, lakini miaka hiyo inatosha kabisa kukausha mipira, kulegeza klempu na kujaza rejeta uchafu wa barabara za nchi nyingine. Fundi wa nyumbani anaanzia hapo, chini ya mti kando ya ghala la mahindi, akiwa na jeki, stendi imara, seti ya spana na subira.

Lazima kwanza aijue hewa ya kwao. Nyanda hizi ziko juu. Eldoret, jirani yetu wa mashariki, uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa zaidi ya moja ya tano. Injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo katika kila kilima. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikwisha kusajili hataza yake mwaka 1905 juu ya wazo la kutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha pangaboi litakaloisukumia hewa zaidi. Wazo hilo ndilo linaloiwezesha hachibeki ndogo kupanda mlima bila kuhema. Turbo ya gari la leo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Lakini hakuna cha bure. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi shina la pampu linavyopata moto: hewa ikishindiliwa, hupata joto. Hewa ya nyuzi 25 ikishindiliwa na turbo hadi mara mbili ya shinikizo lake, huweza kutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Hewa ya moto imetanuka, oksijeni yake ni haba, na petroli iliyochanganywa nayo huweza kulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Fundi husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo na moyo wake hushtuka, kwa maana mlio huo ukiendelea, pistoni zitapasuka.

Nyanda za juu huongeza adha hiyo kwa njia tatu. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia wembamba wa hewa, hivyo huizidishia joto. Hewa nyembamba inayopita katika rejeta hubeba joto kidogo. Tena maji yenyewe huchemka mapema, karibu nyuzi 93 pale Eldoret badala ya 100. Anayenunua vipuri kwa kufuata ushauri wa watu wa pwani ya Ulaya, bila kuitazama ardhi anayoikanyaga, atashangaa kwa nini gari lake linachemka katika kilima kisicho na jina.

Njia ya hewa ndipo ufundi unapoanza, nayo humpima fundi kwa tamaa yake. Madukani kuna filta za wazi zenye umbo la pia, zinazokaa uchi chini ya boneti na kuifanya turbo ivume kwa sauti tamu. Sauti hiyo imewadanganya wengi. Filta iliyo wazi karibu na injini huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe, na katika barabara za udongo za Lugari mwezi wa Januari, filta isiyochuja vizuri huruhusu vumbi laini ambalo hula ncha za pangaboi la turbo na kukwaruza kuta za silinda. Fundi mwenye busara mara nyingi hulirudisha sanduku la filta la kiwandani, akaweka filta mpya ya karatasi, kisha akashughulikia kile ambacho hakionekani: mdomo wa kuvutia hewa. Huuelekeza nyuma ya grili ambako hewa ya nje inafika kwanza. Hukata bati la alumini, akalipinda kwa mkono juu ya ukingo wa benchi, akalisugua kwa tupa hadi lisikate waya, na kulisimamisha kama kinga kati ya sanduku na joto la injini. Kazi hiyo haitoi sauti yoyote, wala haionekani boneti ikifungwa.

Halafu huwinda nyufa. Kati ya turbo na injini kuna mabomba, mipira na klempu, na gari lililokwisha kutumika halikosi mahali linapovuja. Hewa iliyopimwa na kihisi kisha ikapotelea njiani huidanganya kompyuta: nayo humwaga petroli ya hewa isiyokuwapo, moshi unakuwa mweusi, na turbo inajitesa kujaza bomba lenye tundu. Dawa yake inajulikana na kila kijana wa kuziba pancha za bodaboda. Fundi huziba mdomo wa bomba, akaingiza upepo wa kompresa kwa kiasi, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kusubiri. Povu likitutumka, ufa umejitangaza. Usipoziba ufa, walisema wazee, utajenga ukuta. Na ukuta katika habari hii ni bei ya turbo nyingine. Nimependa sana kwamba jaribio la maana kuliko yote katika gari la kasi linahitaji kipande cha sabuni ya kufulia.

Baada ya hapo huja intakula, kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini. Katika Impreza zenye turbo kimelazwa juu ya injini, chini ya tundu lile la kwenye boneti ambalo watoto hulionyesha kwa vidole. Gari likikimbia, upepo hukipitia. Likisimama kwenye foleni, hukaa juu ya moto na kuota joto. Wengine hukihamishia mbele, nyuma ya bampa. Ni uamuzi mzuri wenye gharama zake: mabomba huwa marefu, turbo huchelewa kuitika, na kipoza hewa kipana kupita kiasi huinyima rejeta upepo. Fundi stadi hapimi kwa macho. Huchomeka kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, akatazama joto la hewa inayoingia akiwa kwenye kilima kilekile, saa ileile ya mchana, kabla na baada. Kisha huziba kwa mpira na sponji mianya yote pembeni mwa rejeta. Maji hufuata mkondo, na upepo pia: ukiuachia njia ya kuizunguka rejeta, hautajisumbua kuipenya.

Penye maji ndipo ninapoona heshima ya kazi hii ikidaiwa zaidi, kwa sababu ndipo mazoea mabaya yalipokita mizizi. Gari likichemka, gereji nyingi hung'oa themostati, kile kilango kidogo kinachofunguka maji yakifikia joto la kazi, na kuitupa. Asubuhi ya baridi ya Lugari injini hiyo itakimbia muda mrefu bila kupata joto, ikila petroli na kuchafua oili. Katika baadhi ya injini, maji hupata hata njia ya mkato yasipite kwenye rejeta, na gari likachemka zaidi. Kisha rejeta hujazwa maji matupu ya kisima, yenye chumvi zinazoganda katika vijia vyembamba na kuila alumini ya silinda hedi. Fundi anayejiheshimu hurudisha themostati mpya, akachanganya kipozeo maalumu na maji safi nusu kwa nusu, na kununua kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko hicho ni kitu cha bei ndogo chenye kazi kubwa: kikishika shinikizo la karibu bari 1, maji hayachemki hadi yapite nyuzi 115, hata huku juu kwetu. Halafu huegesha gari pua ikitazama juu mlimani, kwa sababu injini ya Subaru, yenye silinda zilizolala, hupenda kuficha mapovu ya hewa, na husubiri hadi povu la mwisho litoke. Mteremko wa boma unakuwa chombo cha kazi.

Hamsahau pia mlinzi mdogo wa turbo. Katika injini nyingi za Subaru zenye turbo, bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo ina chujio la waya ndani yake. Likiziba kwa oili iliyocheleweshwa kubadilishwa, turbo hukauka ikiwa katika kasi yake yote. Kulisafisha ni kazi fupi isiyo na sifa. Magari mangapi yamekufa kwa kukosa kazi fupi zisizo na sifa!

Kenya ina historia inayounga mkono haya. Magari ya Safari Rally ya zamani yalifungwa bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu, ili injini isimeze maji mitoni. Mwaka 1993 Subaru walileta hachibeki ndogo iitwayo Vivio, yenye injini ya sentimita za ujazo 658, iliyosukumiwa hewa na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe badala ya turbo. Mskoti Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, aliendesha mojawapo. Gari lake halikumaliza. Mkenya Patrick Njiru aliendesha nyingine, akafika mwisho, wa 12 kati ya wote. Mwaka uliofuata Mkenya mwingine, Ian Duncan, akashinda Safari kwa Toyota Celica yenye turbo. Katika mashindano yale, kasi bila uvumilivu wa chuma haikumfikisha mtu popote.

Kwa hiyo wewe mwenye hachibeki huko Mautuma, Matunda au Lumakanda, kabla hujamlipa mtu akuongezee nguvu kwa kompyuta, nunua kwanza filta ya hewa, kifuniko cha rejeta, themostati na oili nzuri, na uombe kipande cha sabuni jikoni. Usifungue kifuniko injini ikiwa na moto, wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Ukitoka mbio, iache injini ingurume kwa upole dakika moja kabla ya kuizima. Pesa zikibaki, ndipo uulize habari za nguvu. Na usiposhika mpangilio huo, nguvu ulizonunua zitaishia kwenye lori la kuvuta magari mabovu.