Kwanza Maji, Samaki Baadaye

Mgeni akiingia kwenye nyumba yenye tangi kubwa la samaki, macho yake huwaendea samaki moja kwa moja. Fundi huinama kwanza. Hufunua pazia la meza, akakagua mabomba na lile tangi la pili lililofichwa chini, akasikiliza pampu, akanusa, ndipo akainuka kutazama kinachoogelea. Samaki hununuliwa. Maji ya kumweka samaki miaka kumi bila kuugua hayauzwi popote, na kuyatengeneza ndiyo kazi ninayotaka kuisifu hapa.

Naisifu zaidi nikiiwazia Vugiri, kule milimani Korogwe, Usambara Magharibi. Mahali penyewe panampa fundi masharti kabla hajanunua hata kioo. Maji yanayoshuka kwenye miamba ya kale ya milima hii kwa kawaida ni laini, hayana chokaa ya kutosha. Baridi ya Juni na Julai si ya kuchezea, kwa hiyo hita si anasa. Umeme nao unakuja na kuondoka, ingawa Hale, palepale wilayani, pana mitambo ya megawati 21 iliyoanza kuzungushwa na mto Pangani mwaka 1964.

Tuchukue tangi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Likijaa ni lita 720, yaani kilo 720 za maji peke yake, bado hujahesabu kioo, mawe na meza. Fundi huweka pima maji juu ya meza hiyo pande zote kabla ya kulipandisha tangi, maana meza ikilala upande mmoja kwa milimita chache, uzito wote huo unakwenda kwenye pembe moja ya kioo.

Halafu inakuja chujio. Wengi hudhani kazi ya chujio ni kunasa uchafu unaoonekana. Hiyo ni sehemu ndogo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana, na amonia haionekani. Maji yanaweza kung'aa kama yametoka chemchemi huku samaki wakihema juu juu. Wanaoifanya kazi yenyewe ni bakteria. Kundi moja, la akina Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine, la akina Nitrospira, huichukua naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadili maji. Viumbe hao hawaji kwa siku moja. Huchukua wiki nne mpaka sita kujaa kwenye sponji na kokoto, na muda wote huo fundi analilisha tangi tupu: kijiko cha chakula cha samaki kinatupwa kwenye maji yasiyo na samaki, kioze, kitoe amonia, bakteria wapate cha kula. Jirani akichungulia atadhani mtu kachanganyikiwa. Fundi anapima, anaandika, anangoja amonia isome sifuri, kisha naitraiti isome sifuri. Ni hapo tu anapoanza kuzungumzia samaki.

Wageni wa kazi hii huharibu mambo siku ya usafi. Mtu hutoa sponji, akaipeleka bombani, akaikamua mpaka ikawa nyeupe kama mpya. Maji ya bomba yakiwa na klorini, anaweza kuua bakteria wengi. Fundi huchota ndoo ya maji ya tangi lenyewe, huzamisha sponji humo na kuibonyeza mara mbili tatu tu. Tope la kahawia linatoka, maji yanapita tena, lakini ukiigusa sponji bado ina utelezi mwembamba, kama wa bamia iliyokatwa. Utelezi huo ndio anaoulinda. Na hakamui sponji zote kwa siku moja. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili.

Korogwe ni nchi ya mkonge, na mtu wa hapa atashawishika kutumia katani badala ya sponji, kwa kuwa ipo na ni rahisi. Asijaribu. Katani ni nyuzi za mmea, huoza, na kinachooza hula oksijeni ileile wanayoihitaji samaki na bakteria. Ndiyo maana maji machafu ya viwanda vya mkonge huwa balaa yakiingia mtoni, na ndiyo maana pale Hale mabaki hayohayo yaliwahi kuwekewa mtambo wa kuzalisha gesi. Uozo ni nguvu kubwa; ndani ya tangi la samaki huitaki.

Kuhusu umeme, hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa bara letu. Chujio la kopo lililofungwa kabisa, linalosifiwa sana kwenye nchi ambako taa hazizimiki, lina tatizo lake kwetu. Pampu ikisimama, bakteria waliofungiwa ndani humaliza oksijeni. Saa kadhaa zikipita wanaanza kufa, na umeme ukirudi kopo linatapika uozo wote ule juu ya samaki. Fundi wa Vugiri afadhali ajenge tangi la chini lililo wazi, la lita 150 hivi, maji yashuke yenyewe, yapite sponji, yapite kokoto nyepesi zenye matundu, kisha pampu iyarudishe juu. Pampu hiyo haipimwi kwa maandishi ya kwenye boksi. Iliyoandikwa lita 5,000 kwa saa, ikipandisha maji zaidi ya mita moja hutoa pungufu sana. Lengo ni maji yote ya tangi yazunguke kama mara tano kwa saa, basi hununuliwa kubwa kuliko hesabu.

Sasa angalia bomba linalorudisha maji juu. Chini kidogo tu ya usawa wa maji, fundi ametoboa tundu dogo, la kupenya ncha ya msumari. Umeme ukikatika, pampu inasimama na maji yanaanza kurudi chini kwa bomba lilelile, yakivutwa na uzito wake. Bila tundu yangeendelea kuvutana mpaka mdomo wa bomba, na lita mia moja na ushee zingekuwa sebuleni. Lakini usawa unashuka sentimita mbili, tundu linachungulia hewani, bomba linavuta hewa na mvuto unakatika. Chini, fundi alishaacha nafasi tupu ya kupokea kiasi hichohicho. Tundu hilo halina bei. Hulisafisha kila wiki kwa kijiti, kwa sababu konokono mmoja akilikalia, hesabu yote imekwisha.

Baada ya hayo ndipo uchaguzi wa samaki, na vishawishi havikosekani. Tanzania ina hazina ambayo wafugaji wa dunia nzima wanaililia: samaki wa Ziwa Tanganyika. Wanaotoka upande wa Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, ni wa kila aina. Kuna Tropheus wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna frontosa mwenye nundu ya kichwa, kuna wadogo wa sentimita chache wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Nawaelewa wanaowatamani. Lakini maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9, na hapo kuna hesabu ambayo muuza samaki hakwambii. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Uchafu uleule, samaki walewale, ila kosa ambalo kwenye maji laini lingesameheka, kwenye maji ya Tanganyika linaua usiku mmoja. Mtu wa Vugiri anaweza kuweka jiwe la chokaa kutoka upande wa Tanga ndani ya chujio, akaongeza ugumu wa maji. Inawezekana, lakini ni kugombana na mlima kila wiki, kila ndoo.

Mimi ningemchagulia samaki wa bondeni kwake. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe, aliyejulikana baadaye kama Lowe-McConnell, aliandika maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya perege wa mto Pangani, na mmoja wao akapewa jina la mji: Oreochromis korogwe. Samaki mwenye jina la wilaya yako, na hayumo kwenye sebule ya mtu yeyote! Ni perege, anakua, anakula sana na anachafua sana, kwa hiyo katika lita 720 nisingezidisha dume mmoja na majike wanne. Tangi litaonekana tupu miezi ya mwanzo. Fundi huuacha utupu huo ulivyo, na sijui kama kuna kipimo kingine cha ustadi kinachonishawishi zaidi.

Dume wa perege ni mchimbaji. Huchota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni mpaka apate shimo la kumwitia jike. Ndiyo maana mawe makubwa hulazwa juu ya sakafu ya kioo kwanza, kwenye kipande cha plastiki, na mchanga humwagwa baadaye. Jiwe lililokalia mchanga huchimbwa chini yake likaangukia kioo. Jike naye hubeba mayai kinywani. Utamtambua kwa kidevu kilichotuna na taya zinazotafuna pasipo na chakula: anayageuza mayai yapate hewa. Siku hizo hali kitu, na fundi hupunguza chakula cha wote, kisibaki cha kuoza.

Kambare hapana. Ni mtamu, ni mstahimilivu, hupumua hata hewa ya juu, na akikua atawameza wenzake.

Imebaki kubadili maji: lita 200 kila wiki, ndoo kumi za lita 20, kwa sababu naitreti haina njia nyingine ya kutoka pale ambapo perege wamekwishakula mimea yote. Maji hayo ni mbolea, na migomba huyapenda. Yasielekezwe kwenye kijito. Mto Pangani tayari umevamiwa na perege wa kigeni, sato akiwa mmoja wao, na perege wa jamii mbalimbali huzaana wao kwa wao, kizazi cha asili kikapotea ndani ya chotara. Kwa hiyo mwisho wa mpira wa kutolea maji fundi hufunga kipande cha chandarua kuzuia vifaranga, hata vile vilivyotoka kwa perege wa palepale, maana hajui vimebeba ugonjwa gani kutoka tangini. Watakaozidi atampa jirani mwenye bwawa lisilotoa maji mtoni, au atawakaanga.