Kufariki au Kuzimika? Neno Moja katika Kisa cha Mwisho wa Budha

Kisa cha siku za mwisho za Budha kimehifadhiwa kwa lugha ya Kipali katika Mahaparinibbana Sutta, nacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na T. W. Rhys Davids mwaka 1881. Atakaye kukileta katika Kiswahili hukabiliwa mara moja na neno lililomo katika jina lenyewe: parinibbana. Hoja yetu ni kwamba maneno ya kifo yaliyo mepesi ulimini mwetu hukiharibu kisa hiki. Kosa si la lugha. Ni letu tuyachaguao bila kuyasikiliza.

Tuchukue kufariki. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kutengana. Basi yupo atenganaye, na kipo kinachoachwa. Kuaga dunia humleta msafiri. Wokovu humtaka mwokozi, ilhali Budha huyu awahimiza wanafunzi wake wajitegemee wenyewe. Fanaa ya Masufi yakaribia zaidi, lakini Sufi hutoweka katika Mungu, na hapa hatajwi Mungu wa namna hiyo. Hata kusema “ukombozi wakati wa kifo” hupotosha. Kwa mapokeo, Budha alikombolewa akiwa na umri wa miaka 35. Mzee wa miaka 80 aliyelala Kusinara, baina ya miti miwili, alikuwa amebakiwa na mwili tu.

Fani ya kisa yathibitisha haya, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita mbio. Budha apanda daraja za utulivu wa moyo, moja baada ya moja, hata utambuzi na hisia zikakoma. Ananda adhani yamekwisha. Anuruddha amsahihisha: bado. Kisha Budha ashuka daraja zile zile mpaka ya kwanza, apanda tena hadi ya nne, na anapotoka katika hiyo ndipo akoma. Msimulizi aliyetaka kutuonyesha roho ikipaa angalimalizia kileleni. Huyu atunyima safari kwa makusudi.

Penginepo katika maandiko hayo hayo, Vacchagotta auliza aliyekombolewa huenda wapi. Naye aulizwa: moto uliokwisha kuni umeelekea mashariki au magharibi? Swali halina mahali pa kushika. Sarufi yetu yaweza kuubeba mfano huu vizuri ajabu. Moto uliozimwa una aliyeuzima. Moto uliozimika hauna, kwani kauli ya kutendeka haimdai mtenda. Kwa hiyo napendekeza kuzimika. Naam, sikio litanong’onezwa kuzimu, makao ya wafu, jambo ambalo kisa hakilitaki. Dawa yake ni kusema waziwazi “kuzimika kama taa”, na taa ndiyo tashbihi ya Anuruddha mwenyewe katika beti zifuatazo kifo hicho.

Ila neno hilo lisienezwe kote. Watawa ambao hawajazishinda tamaa wanyosha mikono na kulia, wakilalamika kwamba ameondoka mapema mno. Kwao yupo aliyeondoka. Mfasiri mwangalifu atawaachia hao kufariki, na kuzimika atakuweka kinywani mwa Anuruddha peke yake, ili msomaji aisikie tofauti baina ya waombolezaji wawili walioko katika msiba mmoja.