Bunia 2003: Aliyeshika uwanja wa ndege

Mwaka 2003 mji wa Bunia, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, ulibadilisha mabwana kila mara. Machi 6 jeshi la Uganda liliwatimua wanamgambo wa UPC wa Thomas Lubanga. Mei, Waganda walipoondoka, wanamgambo wa Kilendu waliingia, na siku chache baadaye UPC wakarudi. Kila upande ulijua kuuteka mji, ila kuutuliza kuliwashinda wote. Juni likaja jeshi la Umoja wa Ulaya, Artemis, likiongozwa na Wafaransa, askari wasiozidi 2,000, na mji ukatulia.

Sababu ya kwanza ya utulivu huo ni uwanja wa ndege. Ndege kubwa hazikuweza kutua Bunia, kwa hiyo mizigo ilishushwa Entebbe, ikapakiwa upya kwenye C-130 na Transall, ikavushwa Ziwa Albert. Wahandisi waliushughulikia uwanja tangu mwanzo, kwani kila ndege iliyotua iliuchakaza. Aliyeushika alijilisha mwenyewe, na papo hapo akawazibia wapinzani mlango wa silaha za kuletwa kwa ndege. Jemadari wa Kirumi Agrippa alifanya hivyo kabla ya vita vya baharini vya Actium, mwaka 31 KK: alikuwa ameshazikata njia za chakula za mpinzani wake Antonius, merikebu zikapigana wakati njaa imeshafanya kazi kubwa.

Pili, amri. Kamanda wa Artemis, Jenerali Thonier, hakudai bunduki zote. Alitaka mji usio na silaha zinazoonekana, akawapa wapiganaji saa 72. Neno “zinazoonekana” ndilo lililobeba mpango. Kupekua kila nyumba kungemeza kikosi kizima. Kumwona kadogo, yaani askari mtoto, akikatiza bulevadi na AK begani hakuhitaji upelelezi. Bunduki zilizofukiwa zilibaki, naam, na huo ndio udhaifu wa hesabu hiyo. Lakini aliyefyatua risasi alijibiwa, na Julai kambi ya UPC huko Miala ilivamiwa. Askari wa Uruguay wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotangulia kuwapo, hawakuwa na ruhusa kama hiyo ya kutumia nguvu. Artemis ilikuja nayo, kwa azimio 1484 la Baraza la Usalama la Mei 30.

Azimio hilohilo liliifunga: mji, uwanja, na mwisho Septemba 1. Kwa hiyo Fataki, nje ya eneo hilo, ilishambuliwa huku Bunia imetulia, na doria hazikufika. Siku ya mwisho kazi ilikabidhiwa MONUC, kwa brigedi ya Ituri ya askari karibu 5,000, wenye ruhusa ya kutumia nguvu hata kule ambako Wafaransa waligeuzia magari.