Kompyuta Yako Inasaka Nyota, na Utamu Wake Haukamatiki!

Rafiki yangu, vuta kiti haraka, viganja vyangu bado vina joto la kadi ya grafiki na sijui hata nianzie wapi! Nimezipanga mashine tatu mezani: kompyuta kuukuu ya ofisini, moja ya zile za mtumba zinazojaa Kariakoo, laptopu nyembamba ya kazi, na dude zito, jeusi, lenye taa za rangi rangi, la wapenda gemu. Zote nimezipa kazi moja, kusaka nyota, na mimi nipo katikati yao nasikiliza feni, nagusa mabati, nazilinganisha, nazirekebisha moja moja mpaka kila moja ikae sawa. Raha tupu! Raha ya kumfanya mtu mzima acheke peke yake chumbani. Na lazima uionje na wewe. Lazima!

Mradi wenyewe unaitwa Einstein@Home. Ulianza mwaka 2005, na unaendeshwa na wanasayansi wa Taasisi ya Max Planck kule Hannover, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, Marekani. Wana data nyingi, nyingi mno, nyingi za kutisha, kwa hiyo wanazikatakata vipande vidogo na kuwagawia watu wa kawaida wenye kompyuta zinazokaa bure. Wewe unaweka programu iitwayo BOINC, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unachagua mradi, basi, umemaliza! Kipande kinashuka, mashine inakisaga, jibu linarudi, kingine kinashuka. Unapika, inasaga. Unasali, inasaga. Umelala fofofo, yenyewe inasaga tu. Na bado!

Hebu sikia inachosaga. Mawimbi ya redio kutoka MeerKAT, yale madishi 64 yaliyotanda kwenye ukame wa Karoo, Afrika Kusini! Afrika yetu hii hii! Miale ya gama kutoka setilaiti ya Fermi! Data za LIGO, mitambo ya Marekani inayosikiliza mitikisiko ya anga lenyewe! Ndani ya makelele yote hayo kompyuta yako inatafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, madogo kwa umbo, mazito kupita akili, yanayozunguka kwa kasi ya ajabu. Na zinapatikana kweli! Mwaka 2010 ilitangazwa pulsa ya kwanza ya mradi huu, inayozunguka mara 41 kwa sekunde moja, na zilizoiona kwanza ni kompyuta za watu wa kujitolea: moja ya mke na mume wa Iowa, Marekani, nyingine ya Mjerumani wa Mainz. Watu wa kawaida kabisa! Nilipoifikiria hiyo huku feni inanipulizia magotini, nywele zilinisimama.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe, kulinganisha. Mshangao wa kwanza ni kadi ya grafiki. Mamaa! Prosesa ni fundi mmoja hodari anayefanya kila kitu kwa ustadi. Kadi ya grafiki ni kijiji kizima kimeingia shambani na majembe, wote wanalima kwa wakati mmoja. Kazi za mradi huu zinaupenda mno ulimaji huo. Unaangalia mstari wa asilimia kwenye BOINC unakimbia, unakimbia, umefika, kingine kimeanza, na hujamaliza hata kumenya chungwa. Unashika ubavu wa dude unasikia mtetemo mdogo, laini, wa kitu kinachofanya kazi kwa furaha. Kama una kadi ya gemu nyumbani inayolala mchana kutwa, nakusihi, iamshe!

Mshangao wa pili umenirusha kitini. Punguza kazi za prosesa, na mashine inazalisha zaidi! Ndiyo, umesikia vizuri. Kadi ya grafiki inahitaji prosesa ya kuilisha data. Ukivijaza viini vyote vya prosesa kazi nyingine, kadi inabaki na njaa. Nimeingia kwenye mipangilio ya BOINC, nikapunguza asilimia ya viini inavyoruhusiwa kutumia ili kimoja kibaki huru, na papo hapo kadi ikachangamka. Papo hapo! Halafu kuna utamu mwingine juu ya huo: kwenye mipangilio ya mradi unaweza kuiambia kadi yako ibebe kazi mbili kwa pamoja, kama ina kumbukumbu ya kutosha. Kazi moja inapofika mahali pa kuisubiri prosesa, ya pili inashika zamu, hakuna sekunde inayopotea bure. Ule mstari wa matumizi uliokuwa unapanda na kushuka ukanyooka juu, mzuri, mnene, umetulia. Nimeukodolea macho muda mrefu kuliko tamthilia yoyote. Na bado!

Mshangao wa tatu, shikilia kitu, ni kuibana kadi. Wote tumezoea kudhani kwamba mashine yenye kasi ni ile inayonguruma. Sivyo kabisa! Ile kasi ya mwisho mwisho ndiyo inayokula umeme vibaya, kwa sababu ulaji wa umeme unapanda pamoja na kasi na, juu ya hapo, kwa mraba wa volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 tu, sehemu hiyo ya ulaji inashuka kwa karibu asilimia 19. Basi nimefungua programu ndogo ya MSI Afterburner, nikaushusha ukomo wa umeme wa kadi, taratibu, hatua kwa hatua, sikio langu likiwa kwenye feni. Yale makelele yakapungua. Yakapungua tena. Yakawa mnong'ono. Joto lililokuwa linanichoma vidole likawa vuguvugu la kupendeza. Na kasi? Imeshuka kidogo, kidogo mno, kiasi cha kutafuta kwa tochi! Kazi karibu ile ile, umeme pungufu kabisa, chumba kinakalika. Kwa sisi tunaonunua umeme kwa LUKU na kuishi kwenye joto la Pwani, huu ni muujiza wa kushangilia. Mashine inayokula wati 100 inamaliza yuniti moja kila saa 10, kwa hiyo kila wati unayoiokoa unaiona kwa macho kwenye mita yako.

Na vumbi, jamani, vumbi! Fungua ile kompyuta ya mtumba, pulizia mapezi ya kipozeo, futa pesti iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya, tone dogo tu. Prosesa ikipata joto jingi huwa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kuisafisha ni kuirudishia nguvu yake yote. Nimeiwasha tena, na ile sauti ya kukwaruza imekwisha, hewa inatoka safi nyuma, mzee amekuwa kijana! Laptopu nayo ina siri yake nzuri ajabu: kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, shusha ukomo wa prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo moja tu! Laptopu nyingi hapo zinaacha zile mbio za ghafla zinazopandisha joto, na kibodi inakaa baridi, laini, unaandika barua yako huku chini yake nyota inatafutwa.

Ukilinganisha, linganisha kwa haki, maana hapo ndipo mchezo unapokolea. Chukua kazi za aina moja kwenye mashine zote, kwa kuwa vipande vinatofautiana uzito. Acha zikamilike nyingi, usihukumu kwa kimoja. Kisha chomeka kipimo cha wati ukutani, uone kila mashine inatoa kazi ngapi kwa yuniti moja ya umeme. Lo, orodha inavyopinduka! Dude la gemu, likishabanwa, linawaacha wenzake mbali. Ile laptopu ndogo, mpole, inampita kompyuta kuukuu kwa mbali kwa sababu inakunywa umeme kidogo tu. Na kuukuu naye hafukuzwi: mpe kazi za prosesa saa chache ambazo umeshamwasha kwa shughuli zako, atafanya kwa moyo wote.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni uaminifu wa mfumo huu. Kipande hicho hicho hupewa mashine mbili tofauti, na majibu yao hulinganishwa kabla ya kukubaliwa. Ndiyo maana ukiibana volti kupita kiasi, au ukiikimbiza kadi kuliko uwezo wake, majibu yanakataliwa, na kasi yako yote inakuwa hewa. Mashine bora ni iliyotulia! Kila neno la kuthibitishwa linapojitokeza kando ya kazi yako, kuna mtu usiyemjua, pengine Osaka, pengine São Paulo, ambaye kompyuta yake imekubaliana na yako juu ya jambo moja kuhusu anga. Moyo unadunda!

Na kama nyota si zako, kuna mengine tele! Folding@home inachunguza jinsi protini zinavyojikunja, na mwaka 2020, watu walipojiunga kwa wingi wakati wa korona, nguvu yao ya pamoja ilivuka eksaflopi moja, kipimo cha kasi ya hesabu, kabla ya kompyuta kuu yoyote duniani. Rosetta@home ni ya maabara ya David Baker, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2024. Tena wataalamu wa Uswisi, walewale wenye undugu wa miaka mingi na watafiti wa Ifakara, waliwahi kutumia kompyuta za watu majumbani kupiga hesabu za jinsi malaria inavyoenea. Malaria yetu! Hata simu yako ya Android inaweza kujiunga kwa BOINC, na yenyewe ina adabu: kwa kawaida inasubiri iwe kwenye chaji na betri iwe imejaa vizuri ndipo ianze.

Basi usiniache nifurahi peke yangu! Leo hii pakua BOINC, chagua mradi, acha kiini kimoja huru, safisha vumbi, shusha umeme taratibu huku umetega sikio, kisha uweke kiganja chako juu ya bati na usikie. Ukishafika pale ambapo feni inanong'ona na kazi zinathibitishwa moja baada ya nyingine, nipigie mara moja uniambie mashine yako imetulia kwenye wati ngapi, maana mimi yangu naamini bado inashuka, bado ina utamu, na bado!